Mchanga wa Kwale umeisha na bado hatujausoma

Angalia ukuta mweupe wa bedsita yako. Kinachoufanya uwe mweupe, tena ufunike madoa ya mpangaji aliyekutangulia, karibu kila mara ni oksaidi ya titaniamu. Iko pia kwa dawa nyingi za meno, kwa plastiki, kwa karatasi, hadi kwa krimu ya kujikinga na jua. Na kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, mali ghafi yake ilichimbwa pale Maumba na Nguluku, Kaunti ya Kwale, ikapakiwa melini Likoni na kwenda zake ng'ambo.

Sasa uliza wasee watano mtaani kwenu titaniamu ni nini. Wawili watakuambia ni chuma cha ndege, mmoja atasema ni ya simu, waliobaki watakuuliza kama uko na doh ya lanchi. Hao wa ndege hawajakosea. Ni vile tu sehemu kubwa ya titaniamu ya dunia huishia kwa rangi.

Mgodi ulipofungwa, kelele ilikuwa ya kazi zilizopotea na nani amekula nini. Ni kelele ya haki, sipingi. Lakini kuna watu walishangaa kabisa, utadhani mtu amezima stima ghafla. Manze, ule haukuwa mto. Ulikuwa rundo la mchanga, na rundo hupimwa.

Hadithi yake iko hivi. Bara kuna miamba ya kale iliyopikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ilimomonyoka, mchanga wake ukaganda ukawa mawe ya Duruma, yale unayaona ukipanda Shimba Hills. Mawe hayo nayo yakamomonyoka. Mito ikabeba mchanga kuelekea baharini, upepo ukaurundika kuwa vilima, miaka milioni kadhaa iliyopita. Wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini, jina la mahali kule juu ya Malindi.

Kila safari ilikuwa mchujo. Punje laini zilisagika, nyepesi zikapeperushwa, ngumu na nzito zikabaki. Ni kama mama anavyopepeta mchele kwa ungo, ila hapa ungo ni bahari, mvua na upepo, na kazi imechukua muda kuliko binadamu wamekuwepo. Kilichobaki ni madini matatu: ilmenaiti, nyeusi, yenye chuma na titaniamu pamoja, rutaili, ya hudhurungi inayovutia wekundu, ambayo karibu yote ni oksaidi ya titaniamu, na zirkoni, ambayo huenda kwa tailizi na vyombo vya kauri. Hata hivyo, kwa kilo 100 za mchanga ulipata kilo chache tu za madini hayo.

Kiwandani walimalizia kazi ya ungo. Maji yanazungusha mchanga kwenye mifereji ya mzunguko, vizito vinajitenga. Sumaku inavuta ilmenaiti. Halafu umeme: rutaili inaupitisha, zirkoni inaukataa, zinaachana. Mimi chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili na sikuwa nasomea mawe. Haya nimeyasoma kwa simu, na bando ya shilingi 20.

Wanasiasa wanapenda kusema tungejenga kiwanda cha rangi hapa hapa. Inasikika poa. Lakini kugeuza ilmenaiti kuwa unga mweupe kunahitaji asidi kali au klorini, umeme mwingi wa bei nafuu, na mahali salama pa kuweka taka. Kiwanda cha aina hiyo hula mzigo kwa miongo mingi, na rundo la Kwale lilidumu miaka 11. Kama hujui rundo ni kubwa kiasi gani, unajengaje hesabu ya kiwanda? Kiwanda sawa, lakini kwanza tudai namba.

Wenye pesa huwa nazo. Mwaka 2010 Base Resources ya Australia ilinunua mradi huu, ambao Tiomin ya Kanada ilikuwa imehangaika nao miaka mingi. Mwaka 2024 Energy Fuels ya Marekani, kampuni iliyozoea urani, ikainunua Base yenyewe wakati mchanga wa Kwale unaisha. Kwa nini? Base ilikuwa na mradi Toliara, Madagaska, na mchanga wa huko una monazaiti, ambayo hutoa madini adimu ya kutengeneza sumaku za magari ya umeme. Hao walisoma mchanga kabla ya kutoa hundi.

Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Hiyo 10 watu wa Kwale waliisubiri miaka mingi. Na hata ikifika, asilimia 10 ya nini? Bila kujua tani na bei, unapokea unachopewa na unasema asante.

Sasa macho yako Mrima, hapo hapo Kwale, kilima chenye niobiamu na madini adimu, chenye thoriamu kwenye udongo, na chenye kaya ya Wadigo juu yake. Kabla sahihi yoyote kutiwa, wakaazi waletewe karatasi moja, kwa Kiswahili, isomwe barazani: kuna nini chini, tani ngapi, itaisha mwaka gani, taka itawekwa wapi. Na vijana wa Msambweni na Lunga Lunga wawe pale mbele na kalkuleta zao, wakiuliza.