Kiti cha Diwani Kisiachwe Wazi

Serikali za Mitaa zilivunjwa mwaka 1972. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ikaweka msingi wa kuzirejesha wilayani. Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, na sasa kila wilaya ina baraza lake, ambalo hupanga ushuru wa korosho uende kwenye barabara, zahanati au madarasa. Hapo ndipo ubishi huanza. Wapo wanaoziona kanuni za kudumu za vikao kuwa urasimu mtupu. La hasha! Pasipo kanuni hushinda mwenye sauti kubwa, si mwenye hoja.

Kibaya zaidi ni kiti kitupu. Diwani akifariki au kujiuzulu, kata nzima hukosa msemaji fedha zinapogawanywa. Ofisa anayeiacha taarifa hiyo ilale jaladani anauchelewesha uchaguzi mdogo, na anawanyima wananchi kura yao.