Nikeli ya Kabanga si urani: tofauti ni ipi, na tuulize nini?

Wilayani Ngara madini yanayozungumzwa zaidi ni nikeli ya Kabanga. Wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ni urani ya Mto Mkuju, ambako Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio mwezi Julai 2025. Ukisikia madini hayo mawili katika taarifa moja ya habari, ni rahisi kudhani yote yana mionzi. Sivyo.

Kwa nini urani ina mionzi?

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Atomu ya urani ni nzito mno, haitulii. Inavunjika yenyewe, na kila inapovunjika hutoa mionzi. Hupitia hatua nyingi. Hatua mojawapo ni radoni, gesi isiyoonekana wala kunuka. Gesi hiyo ikijikusanya mgodini na kuvutwa kwa miaka mingi, inaweza kuleta saratani ya mapafu.

Mwisho wa safari urani hugeuka kuwa risasi, metali ya kawaida iliyomo kwenye betri za magari. Lakini haina haraka: nusu ya urani iliyopo leo itavunjika kwa muda wa miaka bilioni 4.5 hivi.

Na nikeli?

Atomu ya nikeli ni nyepesi zaidi na imetulia. Nikeli inayotoka ardhini haivunjiki na haitoi mionzi. Hutumika kutengeneza chuma kisichoshika kutu na betri za magari ya umeme.

Kutokuwa na mionzi si kutokuwa na madhara

Nikeli ya Kabanga imeshikana na salfa, pamoja na shaba na kobalti. Mwamba wa aina hii ukichimbuliwa na kuachwa wazi, hewa na mvua huweza kuufanya utoe tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha metali, na maji yakazibeba hadi mtoni. Ngara ni wilaya ya mito Ruvubu na Kagera, kwa hiyo jambo hili si dogo. Vumbi lenye nikeli nalo, likivutwa kwa muda mrefu, hudhuru mapafu.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo wanalijua hili kwa zebaki: haina mionzi, lakini mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu.

Tuulize nini?

Masuala ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Ya mazingira yako kwa NEMC. Kwa Kabanga, maswali ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji ni haya: Mabaki ya mwamba yatawekwa wapi? Nani atapima maji ya visima na mito kabla ya uchimbaji kuanza, na kila mwaka baadaye? Majibu ya vipimo yatasomwa wapi ili wananchi wayasikie?

Maji yasipopimwa sasa, baadaye itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba yamebadilika.