Somo la Kwanza Chuoni Lianzie Nyumbani

Kila mwaka vijana wa Kahama, Kishapu, Bukombe na Geita huingia vyuoni, na katika muhula wa kwanza hukutana na kozi zinazofanana: Stadi za Mawasiliano, historia, na kwa baadhi yao fasihi. Kozi hizo huitwa za utangulizi, na jina hilo limeziponza. Mwanafunzi huzipitia ili azimalize, na mara nyingi hukabidhiwa mhadhiri mwenye darasa la mamia ya watu na kipaza sauti kibovu. Hali hiyo haifai kuendelea, kwa kuwa ni humo ndimo mwalimu na mtumishi wa umma wa kesho anapojifunza kuandika na kuijua nchi yake.

Kwanza uandishi. Katika vyuo vikuu karibu vyote kozi hiyo hufundishwa kwa Kiingereza, na mifano yake ya insha imetungwa kwa ajili ya vijana wa Uingereza na Marekani. Kijana aliyefuzu hupelekwa katika kata yenye machimbo madogo, na karatasi ya kwanza anayotakiwa kuiandika ni muhtasari wa mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, juu ya mpaka wa shamba au fidia ya miembe. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Muhtasari usioonyesha nani alisema nini, siku gani na kwa kiasi gani hauwasaidii wanakijiji hata kidogo shauri linapofika mbele ya baraza la ardhi.

Jambo hili si dogo. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Makubaliano huandikwa, na upande usiojua kuandika hukubali yaliyoandikwa na upande wa pili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa tena, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Dokezo la jalada, hati ya madai na hukumu sasa vinadai Kiswahili fasaha, lakini vyuo bado vinafundisha kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Wapo wanaoona kwamba kumfundisha mtu mzima kuandika lugha yake ni kumdhalilisha. Wamarekani hawakuona haya hiyo. Chuo Kikuu cha Harvard kiligundua kwamba vijana wa familia bora waliojiunga nacho hawakuweza kuandika ukurasa mmoja ulionyooka, na kufikia mwaka 1885 kilikuwa kimeweka kozi ya lazima ya uandishi wa Kiingereza. Vyuo vingine vya huko vilifuata. Katika jimbo la Texas sheria inamtaka mwanafunzi wa chuo cha umma asome historia ya Marekani kabla ya kutunukiwa shahada, hata kama anasomea uhandisi. Vyuo vya hapa viliiga kozi na vitabu, visiige sababu iliyowafanya Wamarekani kuzianzisha.

Kwa upande wa historia, haifai mtu aseme kwamba Marekani isisomwe. Isomwe, ila isomwe kutokea Geita. Wajerumani walijua habari ya dhahabu ya Geita tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini mgodi mkubwa ulikuja miaka ya 1930. Mwezi Januari 1934 serikali ya Rais Roosevelt ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35, na uchimbaji ukapata nguvu duniani kote, Tanganyika ikiwamo. Kisha bei hiyo rasmi ikakaa pale pale kwa zaidi ya miaka 30, huku mishahara, mafuta na mashine vikipanda. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Miaka mitano baadaye, Agosti 1971, Rais Nixon alikata uhusiano wa dola na dhahabu, na kufikia Januari 1980 wakia moja ilipita dola 800. Geita ilikuwa kimya wakati huo wote. Mgodi mpya ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwanafunzi aliyepewa kisa hiki ataelewa Marekani ni nini na bei ya dunia ni nini, naye anaweza kuuona mgodi wenyewe kwa macho yake.

Pamba ya Shinyanga nayo ina hadithi ya namna hiyo. Asili ya mbegu yake ni Amerika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliviacha viwanda vya Lancashire bila malighafi, na tangu hapo mataifa ya Ulaya yakahangaika kutafuta mashamba ya pamba kwingineko, makoloni ya Afrika yakiwamo. Ndipo mtu aelewe pia kwa nini wakulima wa Usukuma waliunda mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, na kwa nini watu wa Geita waliandamana mwaka 1958 kulipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wakati TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954.

Tangu mwaka 2024 somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lifundishwalo kwa Kiswahili, limeanza kuingia madarasani. Walimu wake walisomea historia kwa Kiingereza. Wengi wanatafsiri wakiwa wamesimama ubaoni, kila mmoja kwa istilahi zake, na mwanafunzi akihama shule hukutana na maneno mengine kabisa.

Fasihi haihitaji maneno mengi. Ng'ambo ya maji kutoka Geita, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kisiwa hicho hicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi. Ni aibu kwa mhitimu wa Kanda ya Ziwa kuwajua waandishi wa Marekani kwa majina na tarehe, na hawa asiwajue.

Hofu kwamba Kiingereza kitakufa haina msingi. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa na mzigo wa kuongoza nchi. Kiingereza kifundishwe barabara, kama lugha, na walimu wanaokijua.

Chuo cha Ualimu Shinyanga na kampasi ya Ushirika ya Kizumbi vimo ndani ya eneo hili, na havihitaji kungoja waraka kutoka Dodoma ili viwatume wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa daftari na kalamu, kwenda kuandika habari za wafanyakazi wa mgodi wa zamani. Aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa mwaka 1966 ana umri wa kama miaka 80 leo.