*TAMKO LA TAWI: UTABIRI UFIKE KIJIJINI*

Ndugu wanachama,

Joto la Bahari ya Hindi huchangia mvua zetu za Novemba hadi Aprili kuwa nyingi au haba. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huifuatilia bahari hiyo, hutoa utabiri wa msimu, na hutahadharisha kuhusu upepo na mawimbi Ziwa Tanganyika.

Taarifa hizi si za kubandikwa ofisini. Tunawataka madiwani wahakikishe zinasomwa kwenye mikutano ya vijiji na mialo ya Kasanga na Kirando, kabla mkulima hajanunua mbegu wala mvuvi hajasukuma mtumbwi.

Vijana mliosoma sayansi, Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kiko Kigoma. Ombeni nafasi.

_Uongozi wa Tawi, Sumbawanga_