Kiswahili kinafaa kuomba koo, hakifai kuleta majibu?

Kuna jambo limenikera muda mrefu, na leo naweka kando habari za programu ili nilitoe kifuani.

Mtafiti wa afya akija vijiji vya huku Silibwet na Bomet kwa jumla, hufika na karatasi ya ridhaa. Karatasi hiyo haiji kwa Kiingereza peke yake. Kamati za maadili hazikubali mzee aweke kidole gumba chini ya maneno asiyoyaelewa, kwa hiyo hutafsiriwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Nayo hueleza vizuri tu: kamera nyembamba itapitishwa kooni, kitakatwa kipande kidogo cha nyama, kitapelekwa maabara, una haki ya kukataa na hutanyimwa matibabu. Sijasikia profesa hata mmoja akilalamika hapo kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi.

Utafiti ukiisha, makala huchapishwa, na ghafla Kiswahili kimekuwa bubu! Majibu yanatoka kwa Kiingereza kitupu, kile cha madaktari kwa madaktari, ndani ya PDF yenye safu mbili ambayo ukiifungua kwenye simu ndogo unaisukuma kushoto na kulia mpaka unachoka.

Jamani, tuulizane. Lugha iliyotosha kuomba koo la mtu, imepungukiwa nini siku ya kumrudishia majibu?

Koo ninazozungumzia si za mfano. Huku kwetu tuna saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuna ukanda wa Afrika Mashariki na Kusini ambako ugonjwa huu ni mwingi kupita kiasi, na Bomet imo ndani yake. Hospitali ya Tenwek, ya misheni, iliyoanza mwaka 1937 na isiyo mbali na hapa Silibwet, imeuona kwa miongo mingi. Na sifa wapewe: hawakukaa kimya. Wamepima, wamehesabu, wameandika, na wamechapisha katika majarida ambayo hospitali nyingi kubwa za mijini zingeyaonea wivu. Ugomvi wangu hauko na wao. Uko na mfumo mzima unaomwona mgonjwa kama chanzo cha takwimu, usimwone kama msomaji.

Hebu tazama kilichomo ndani ya makala hizo.

Mwaka 2010 jarida la PLoS ONE lilichapa ripoti ya wagonjwa 109 wa saratani ya umio waliogunduliwa Tenwek kati ya 1996 na 2009. Wote walikuwa na umri wa miaka 30 au chini ya hapo. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 14. Soma tena: kumi na nne. Katika sehemu kubwa ya dunia huu ni ugonjwa wa wazee, na kijana anayesema chakula kinamkwama anaweza kupewa dawa za vidonda vya tumbo na kuambiwa arudi baadaye. Ripoti ile inamwambia mama wa Silibwet jambo moja ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kingemwambia: usidharau, hata kama ni mtoto wa sekondari. Je, mama huyo amewahi kuambiwa?

Mwaka 2016 ikatoka nyingine, iliyoongozwa na daktari Michael Mwachiro, katika jarida la Marekani la magonjwa ya njia ya chakula. Walichukua watu wazima 305 wa eneo la Tenwek wasio na dalili yoyote, watu wanaokula ugali wao vizuri tu, wakawapitishia kamera na kuwapaka umio maji ya iodini. Ujanja wake ni rahisi na ninaupenda sana. Chembe zenye afya zina akiba ya sukari, na iodini ikikutana na akiba hiyo hugeuka kahawia. Chembe zilizoanza kuharibika hazina akiba hiyo, kwa hiyo sehemu yao hubaki bila rangi na daktari anaiona mara moja. Asilimia 14.4 ya watu wale walikutwa na chembe zilizoanza kubadilika, wengi wao katika hatua ya mwanzo kabisa. Mtu mmoja kati ya saba, naye hajui!

Unganisha hilo na makala iliyotoka Tenwek mwaka 2009 katika Lancet Oncology, kuhusu mirija inayowekwa ndani ya umio ili mgonjwa aweze tena kumeza. Kwa wagonjwa wale mrija ndio ulikuwa tiba pekee. Yaani mtu anafika hospitali wakati uji wenyewe haupiti, na kinachobaki ni kumfungulia njia ale kwa heshima siku zilizobaki. Kati ya chembe zisizoshika rangi na mrija kuna muda. Ndani ya muda huo ndiko habari ingefanya kazi yake.

Halafu kuna chai. Najua, hapa nakanyaga moto. Huku chai ni karo, ni bonasi, ni bati la nyumba. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda kunasababisha saratani ya umio, na likaweka jambo hilo katika kundi la 2A, kundi la "huenda". Miaka mitatu baadaye, mwaka 2019, timu ya shirika hilo na Chuo Kikuu cha Moi ilichapisha matokeo ya magharibi mwa Kenya: wanaokunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu kuliko wanaokunywa vya uvuguvugu. Hakuna aliyeshitaki majani ya chai. Kinachoshitakiwa ni moto wake. Mkulima wa Kapkoros au Tirgaga hapotezi senti moja mteja wake akingoja kikombe kipoe kidogo.

Lakini kwa kuwa habari yenyewe haikuletwa, kilicholetwa ni uvumi. Nimeusikia sokoni: mara chai ina sumu, mara mursik ndiyo inayoua. Ya mursik ina asili yake. Mwaka 2013 watafiti walipima maziwa yetu ya kwenye kibuyu, wakakuta kilevi kidogo na kemikali iitwayo asetaldehidi, wakaandika kwamba huenda ni mojawapo ya sababu. "Huenda" ile ilipotea njiani. Ikafika kijijini kama hukumu, na kina mama wanaosugua sotet kwa mkaa wa senetwet wakajikuta washitakiwa bila kusomewa mashitaka.

Hapa ndipo watu hunijibu: Kiswahili hakiwezi kubeba tahadhari za kisayansi, utarahisisha mno, utawatisha watu. Mimi ni mtu wa kompyuta, kwa hiyo jibu langu ni la kompyuta. Ujumbe mmoja wa SMS una nafasi ya herufi 160. Huu hapa:

"Chai ya moto sana huenda ikaongeza hatari ya saratani ya umio. Iache ipoe kabla ya kunywa. Chakula kikikwama kooni, hata ukiwa kijana, nenda hospitali upimwe."

Hizo ni 158, pamoja na nafasi na nukta. "Huenda" imo, wala haikupotea. Na hiyo ni SMS tu; fikiria ukurasa mmoja mzima. Fikiria dakika tano za Kass FM.

Hoja ya msamiati ndiyo inayonichosha zaidi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Mwaka 2004 vijana na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakatafuta neno kwa kila kitufe na kila onyo. Maelfu ya maneno! Kama lugha iliweza kumweleza karani jinsi ya kupanga safu za lahajedwali, itaweza kumweleza kwamba chembe zisizogeuka kahawia zinahitaji kuangaliwa.

Wengine huniambia makala nyingi sasa ni za bure mtandaoni. Kweli, na hiyo ya PLoS ONE ina leseni huria: yeyote anaweza kuitafsiri na kuisambaza akitaja chanzo. Lakini ujue ni kwa nini nyingine nyingi ziko wazi. Baadhi ya tafiti hizi zilishirikisha wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na tangu 2008 sheria ya Marekani inataka kazi zinazolipiwa na taasisi zake za afya ziwekwe wazi kwa umma. Kwa hiyo mtu wa Silibwet akifanikiwa kusoma bure habari za umio wa jirani yake, amshukuru mbunge wa Washington, aliyekuwa akimfikiria mlipa kodi wa kwao. Nairobi haikuhusika.

Zilizofungwa zinauzwa. Bei ya kawaida ya makala moja ni dola 30 au zaidi, karibu shilingi 4,000 zetu. Kwa malipo ya kwanza ya majani mabichi, shilingi ishirini na kitu kwa kilo, hiyo ni zaidi ya kilo 150 za kuchumwa kwa mkono. Uchume kilo 150 usome juu ya koo lako! Mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huwafungulia mlango wanaofanya kazi katika taasisi zilizojiandikisha. Mwalimu wa shule ya msingi hana neno la siri. Mchuma chai ndio kabisa.

Natoka kidogo nje ya umio, kwa sababu wapenda teknolojia huniuliza kila mara kuhusu tiba ya nyuklia na zile mashine za PET. Ndiyo, Nairobi zipo, Aga Khan na pia hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa hudungwa sukari iliyofungwa florini-18, saratani yenye njaa huila, nayo huonekana ikiwaka kwenye picha. Ni kazi ya ajabu. Lakini florini hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 110. Ikisafirishwa kutoka Nairobi kwa safari ya muda wa saa nne hadi Bomet, imebaki chini ya robo. Teknolojia ile imefungwa na saa, na fizikia haibembelezwi. Sasa linganisha na matokeo ya Tenwek: iodini ya kawaida isiyo na mionzi, na kikombe kilichongojwa kipoe. Maarifa haya hayaozi njiani, hayahitaji kinu wala risasi ya kukinga mionzi. Hayo ndiyo tuliyoyafungia ndani ya PDF!

Azimio la Helsinki, ambalo kila mtafiti wa tiba hulitaja kwenye ombi lake, linasema katika toleo la 2013 kwamba washiriki wote wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ile NACOSTI iliyoundwa kwa sheria ya 2013, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, na maombi yake hujazwa mtandaoni. Kila kitu kipo isipokuwa mtu wa kuviunganisha.

Ninachodai ni kidogo hata naona haya kukidai. Kwenye fomu ya kufunga utafiti kiongezwe kisanduku kimoja cha maandishi: muhtasari wa Kiswahili, maneno yasiyozidi 500, unaoeleza tulitafuta nini, tulikuta nini, hatuna hakika na nini, na wewe ufanye nini. Kilicho humo kionekane kwa umma siku ileile makala inapochapishwa, kama maandishi ya kawaida, yanayofunguka kwenye simu yoyote, chini ya leseni inayoruhusu redio na shule kuyatumia bila kuomba. Anayetaka kuongeza Kikipsigis, Kiluo au Kigiriama, aongeze.

Kisanduku hicho, pamoja na ukurasa wa kukionyesha na kutafuta kwa jina la kaunti, ni kazi ya siku chache. Nitaiandika mimi bila malipo, na msimbo wake nitauacha wazi. Kilichobaki ni mtu mmoja huko Nairobi aamue kwamba kikiwa kitupu, ombi la kibali kinachofuata halipokelewi.