Mchezo usiotaka uwanja: bahari, barabara na njia ni za nani?

Siku hizi kila tukitaja michezo katika nchi hii, twataja uwanja. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mabilioni yamemiminwa Talanta, Nairobi, kujenga uwanja wa watu 60,000. Kule Bungoma, uwanja wa Masinde Muliro ulioko Kanduyi ulikarabatiwa, na tarehe 1 Juni 2024 ukapokea sherehe za Madaraka. Na huku kwetu Pwani, kila anayeomba kura ana ahadi ya uwanja mfukoni.

Sina ugomvi na viwanja. Vijana wetu wa mpira wanastahili pazuri pa kuchezea. Lakini hesabu ya uwanja ni hii: watu 22 wanacheza, elfu sitini wamekaa. Mada yangu leo ni hao waliokaa. Mtu wa kawaida wa miaka arubaini na kitu, mwenye kitambi na presha inayopanda, siku akiamua kuutumia mwili wake, serikali imemwekea nini? Jibu nimelipata kwa miguu yangu mwenyewe, kwanza Kamukuywa, kisha hapa Mombasa.

Kamukuywa ni soko lililo kando ya barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale, ndani ya kaunti ya Bungoma. Nilikaa huko miezi minane nikimshikia shemeji yangu hesabu za duka lake la nafaka, kazi niliyoisomea diploma. Daktari alikuwa amenipa hiari mbili, nipunguze uzito au nianze vidonge. Basi nikawa nikishaswali alfajiri, navaa raba natoka.

Sisi watu wa usawa wa bahari tunapofika huko, zaidi ya mita 1,500 juu, pumzi hukatika kabla miguu haijachoka. Hilo nililizoea baada ya wiki chache. Jambo ambalo halizoeleki ni barabara kuu. Malori na matatu hupita kwa kasi, na ukingo wa lami ndio huohuo wa mwenye miguu, wa baiskeli na wa mama anayepeleka ndizi sokoni. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akiegesha mbele ya duka alinitazama siku tatu, ya nne akaniambia, "Mzee, kwa lami utagongwa. Kuja nikuonyeshe njia."

Akanipeleka kwenye njia za watu, njia za kwenda mtoni, shuleni na sokoni, zinazopita katikati ya mahindi, zinashuka mpaka mtoni, kisha zinapanda upande wa Kaptama, mlima Elgon ukiwa mbele yako. Huko ndiko nilikojua kwamba mbio za njia za mlimani ni mchezo mwingine kabisa. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hushika soli mpaka kila mguu una uzito wake. Kuteremka huumiza mapaja kuliko kupanda. Na penye mwinuko mkali, kutembea si aibu. Hata mabingwa hutembea. Watoto wa shule walikuwa wakinifuata wakicheka, na wazee wakinisalimu "mulembe", nami nawajibu kwa pumzi iliyobaki. Katika miezi yote hiyo sikukuta geti wala tiketi, na hakuna mlinzi aliyeniuliza naenda wapi. Presha ikashuka, alhamdulillah, na mchezo wenyewe haukunigharimu ila raba.

Msomaji asidhani huu ni mchezo wa kupitishia wakati tu. Kuna mashindano ya dunia ya mbio za milimani, na Mkenya Patrick Kipngeno alishinda mbio za kupanda mwaka 2022, akazishinda tena 2023. Upande wa pili wa Elgon, katika wilaya ya Kapchorwa nchini Uganda, ndiko walikotoka Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London 2012, na Joshua Cheptegei, mwenye dhahabu za Tokyo na Paris. Hawa hawakulelewa na uwanja wa watu 60,000. Mwanzo wao ulikuwa njia kama zile.

Na hapa hapana budi kumtaja Rebecca Cheptegei. Mganda huyu alikuwa na nyumba Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, si mbali na Kitale. Mwaka 2022, kule Chiang Mai, Thailand, alishinda mbio za dunia za kupanda na kushuka mlima. Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Wiki chache baadaye, polisi walisema, mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli nyumbani kwake na kumtia moto. Alifariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024. Mlima ulikuwa salama kwake kuliko nyumba yake. Kwa hiyo tunaposema njia iwe wazi kwa kila mtu, tuwe tumemhesabu mwanamke, na usalama wake usiishie njiani.

Niliporudi Mombasa, marafiki wakanivuta kwenye jambo jingine, triathloni. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, bila kupumzika. Mchezo huu ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ukaingia Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Masafa ya Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Sisi wanagenzi tulifanya nusu ya hayo.

Ukiitazama ramani ya Kenya, utadhani mchezo huu umetungwa kwa ajili yetu. Bahari iko Pwani. Baiskeli ni ya Magharibi, kwa kuwa neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, na boda za kwanza zilikuwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo. Mbio ziko milimani. Lakini dhahabu zote za Kenya za Olimpiki zimetoka kwenye riadha, isipokuwa moja tu ya bondia Robert Wangila, Seoul 1988. Sasa tazama Bermuda, kisiwa chenye watu wachache kuliko kaunti yetu ya Lamu. Mwaka 2021, kwenye michezo ya Tokyo, binti yao Flora Duffy alishinda triathloni, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa kisiwa chao. Bahari wanayo na sisi tunayo. Wametuzidi nini?

Siku ya shindano letu dogo nilianza kulielewa jibu. Yule kijana wa Kamukuywa nilimwalika, akaja kwa basi. Kwa baiskeli alituacha sote na kwa mbio hakukuwa na wa kumgusa. Lakini maji yalipomfika magoti alisimama. "Mzee, kwetu mto unachukua watu," akaniambia. Amekua karibu na mto Kamukuywa, na tangu utotoni fundisho lake la maji lilikuwa moja tu, usiyakaribie. Akashindana baiskeli na mbio peke yake. Mimi niliyekulia Mji wa Kale nikijirusha majini kutoka gatini, niligundua kwamba kuogelea kwa mchezo na kuogelea kwa shindano havifanani. Mateke ya wenzako yanakupata usoni, chumvi inakujaa kooni, na ukitoka majini miguu ni kama mlenda. Kwenye baiskeli, matatu ilinisukuma mpaka mchangani. Nilimaliza miongoni mwa wa mwisho.

Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni vijana wetu wenyewe waliokuja kutazama. Niliwauliza mmojammoja, na wengi hawajui kuogelea. Binti wa kaka yangu, miaka kumi na minne, amezaliwa hatua chache kutoka baharini, hata kuelea hawezi. Tofauti yake na yule kijana wa Bungoma ni lafudhi tu.

Tujiulize kwa nini. Mabwawa ya kuogelea yako hotelini, na hoteli yataka pesa. Njia za kushukia pwani, wakazi wa Mombasa, Kilifi na Kwale wamezililia miaka mingi, moja baada ya nyingine huzibwa na ukuta wa ploti. Hata sisi siku ile tulizunguka ukuta mrefu na baiskeli mabegani ili tuufikie mchanga ambao ni wa umma. Kwenye mikono ya bahari inayozunguka kisiwa cha Mombasa, maji taka huingia moja kwa moja. Na wasichana hawana pahali pa stara wala mwalimu wa kike. Kisha twasema watu wa pwani ni watu wa bahari!

Hili si suala la medali. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka, watu 272 wakafa, hatua chache kutoka nchi kavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Wazee wetu hupenda kumtaja Sayyidna Umar, anayenasibishwa na usia wa kuwafundisha watoto kuogelea. Twautaja usia misikitini na barazani, lakini hatujatenga hata saa moja ya kuutekeleza. Na inawezekana. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa kijijini kuogelea na kujiokoa, wakiwa wamevaa mavazi ya stara.

Kuhusu uchafu wa maji, tusidhani ni aibu ya maskini peke yao. Paris ilitumia zaidi ya yuro bilioni moja kuusafisha mto Seine, na bado triathloni ya wanaume ya Olimpiki ya 2024 iliahirishwa siku moja kwa sababu maji hayakuwa salama. Tofauti ni kwamba kule mto mchafu uliwafedhehesha viongozi mbele ya dunia nzima, wakahangaika. Huku kwetu mfereji wa maji taka haumnyimi mkubwa usingizi.

Kuna watakaosema, hospitali hazina dawa, nawe waja na habari za baiskeli na kuogelea? Nawajibu kwamba foleni ya dawa za presha na sukari sisi wenye vitambi ndio tunaoirefusha. Na ninachokiomba hakihitaji mabilioni ya Talanta. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti michezo na vifaa vyake, pamoja na fukwe na sehemu za mapumziko. Kwa hiyo gavana asituelekeze Nairobi. Kila njia ya umma ya kushukia pwani ipimwe, ifunguliwe, iwekwe kibao. Kila wadi ya pwani iwe na masomo ya kuogelea kwa watoto, na wasichana wapewe siku zao na walimu wa kike. Kila barabara ya kaunti inayotiwa lami iachiwe ukingo wa baiskeli na wa miguu. Wavuvi wetu wanaijua bahari kuliko mwalimu yeyote wa hoteli, waajiriwe wafundishe.

Ndugu zetu wa Bungoma nao wasilale. Njia nilizokimbilia bado ziko wazi kwa sababu ya ujirani na mazoea, na mazoea hayana hati. Mashamba yanagawanywa, seng'enge zinawekwa, na nilishaanza kuona mahali ambapo watoto wa shule wanalazimika kuzunguka mpaka barabarani, kwenye malori. Sisi Pwani twajua mwisho wa hadithi hiyo. Njia ikishafungwa, kuifungua ni kesi ya miaka.

Msimu wa bajeti kaunti hutangaza vikao vya kuwashirikisha wananchi, na mara nyingi viti hubaki vitupu, au hujazwa na walioletwa. Safari hii twende. Atakaposimama afisa na mchoro wa uwanja mpya, tumsikilize kwa heshima mpaka amalize. Halafu tumuulize mambo mawili. Mtoto wa mtaa huu atashukia wapi baharini, na nani atamfundisha kuogelea? Na asipokuwa na jibu, liandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.