Giza la Meru na Embu ni dawa, tusilifukuze

Msomaji mpendwa, jana usiku uliona nyota ngapi kabla ya kuingia kitandani? Usinijibu haraka. Ikiwa unaishi Nairobi, Thika au hata katikati ya mji wa Meru, huenda jibu la kweli ni kwamba hukutazama juu kabisa, na kama ungetazama ungehesabu chache tu, kama punje zilizosazwa na kuku uani. Leo nataka kukushawishi uende kuzitafuta. Sababu yangu si starehe pekee, bali ni afya yako na ya watoto wako.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Mwezi Januari mwaka mmoja nilikuwa Siakago, kwa dada yangu, stima ikapotea mara tu baada ya chakula cha jioni. Tukatoa mkeka uani, tukalala chali na watoto. Nikawaonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikitazama ili kujua majira ya kulima. Nikauliza, "Mnahesabu ngapi?" Mvulana wa miaka 7 akataja sita papo hapo. Dada yake wa miaka 9 akakaza macho, akasema, "Mjomba, mimi naona moshi tu."

Tulicheka. Kisha nikamwonyesha zile nyota tatu zilizojipanga mstari kwenye mshipi wa Jabari, ambazo hata mzee huziona. Akasema anaona kitu kama mstari uliofutwa kwa kidole. Hapo mama yake aliacha kucheka. Alikumbuka kwamba kwa miaka miwili ripoti za shule zilikuwa zikisema binti huyo ni mvivu, hana makini, na hunakili vibaya yaliyoandikwa ubaoni. Wiki iliyofuata alipelekwa kliniki ya macho. Ilibainika kwamba anaona vya karibu tu, na vya mbali vyote kwake ni ukungu. Akapewa miwani. Alikuwa amekemewa miaka miwili kwa kosa la macho yake, na sisi jamaa zake tulikuwa tukikubaliana na waliomkemea.

Simaanishi kwamba nyota ni daktari. Ninachosema ni kwamba nusu saa ya giza ilitufunulia jambo ambalo taa zetu zilikuwa zimelificha.

Macho gizani

Jicho lina njia mbili za kuona. Mchana na penye taa hutumia chembe zinazotambua rangi. Gizani hutumia chembe nyingine, ambazo hazijui rangi lakini hunasa mwanga mdogo sana. Hizi za pili huchukua muda kuamka. Ukitoka chumba chenye taa huanza kuona vizuri baada ya dakika 20 hadi 30, na ukiwasha simu mara moja tu unalazimika kuanza upya. Ndiyo maana watu wengi hutoka nje, hutazama juu dakika mbili, kisha husema mbingu haina kitu.

Chembe hizo za gizani hutegemea vitamini A. Mtu anayeikosa huanza kushindwa kuona magharibi inapoingia, na kwa mtoto hiyo ni dalili ya hatari, kwa sababu upungufu ukiendelea waweza kumpofusha kabisa na kumwacha dhaifu mbele ya surua na kuhara. Kwa hivyo mtoto akijikwaa jioni penye njia anayoijua, au akikataa kutoka nje jua likitua, usimwite mwoga. Mpeleke kliniki. Hakikisha pia kwamba walio na umri wa miezi 6 hadi miaka 5 wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Na chakula kiko karibu: maembe ya Mbeere, papai, malenge, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, sukuma wiki, mayai na maini.

Mtu mzima naye ajipime. Waarabu wa kale walijaribu macho yao kwa nyota ndogo waliyoiita Suha, iliyo ubavuni mwa nyota ya pili kutoka ncha ya mkia wa Dubu Mkubwa. Ukitazama kaskazini jioni za Mei na Juni utaiona. Ukiona moja badala ya mbili, au kila nyota ikikutolea miali kama jua, au uoni wako wa usiku umepungua kuliko mwaka jana, nenda ukapimwe. Huenda ni miwani tu unayohitaji, huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni athari ya kisukari. Usikisie mwenyewe.

Usingizi uliofukuzwa

Jambo la pili ni usingizi. Giza likiingia ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba siku imekwisha. Mwanga mkali, hasa ule mweupe wa simu na wa taa za kisasa, huizuia. Mwaka 2007 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka kazi ya zamu za usiku katika orodha ya mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, na mwaka 2019 kikasisitiza uamuzi huo. Hii haina maana kwamba taa ya barazani itakuua. Maana yake ni kwamba mwili haukuumbwa kuishi mchana wa saa 24.

Katika miji yetu tumejenga milingoti mirefu ya mulika mwizi, na wengi wetu tunailaki kwa furaha, nami pia. Mama mboga anayefunga kibanda saa tatu usiku anahitaji mwanga. Lakini taa isiyo na kifuniko humwaga sehemu ya mwanga wake mbinguni na nyingine dirishani mwa mgonjwa. Mwizi hapiti angani. Kaunti zetu zikinunua taa zenye kofia, zinazomulika chini tu, mtaa utakuwa salama, watu watalala, na nyota zitabaki. Mwaka 2016 wanasayansi waliochora ramani ya mwanga wa usiku duniani waligundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi tena kuona ule ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa wakiwa nyumbani kwao. Meru na Embu bado tunao. Tukiupoteza, itakuwa kwa uzembe.

Uende wapi

Kutoka mji wa Embu, shuka upande wa Mbeere. Siakago na Kiritiri hazitimizi mwendo wa saa moja kwa gari, mawingu ya mlima huwa machache huko, na ukitoka nje kidogo ya soko giza ni la kutosha. Anayetaka zaidi aende Hifadhi ya Mwea, karibu na bwawa la Kamburu, na alale ndani ya kambi.

Kutoka Meru una njia mbili. Ya kwanza ni Timau, kwenye barabara ya Nanyuki, ambako mashamba ya ngano yameacha mbingu wazi kutoka upeo hadi upeo na mlima huzuia mvua nyingi. Ya pili ni Mbuga ya Taifa ya Meru, ng'ambo ya milima ya Nyambene, mahali penye giza kuliko pote nilipotaja. Huko hutazama nyota ukiwa kambini, si vichakani.

Chagua usiku usio na mwezi, wiki ile mwezi unapoandama. Januari na Februari ndiyo miezi bora. Epuka masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na ujue kwamba Juni na Julai ukungu wa mlima huifunika miji ya Embu na Meru siku nyingi, ingawa Mbeere na Timau huweza kuwa wazi.

Kisha kuna zawadi ambayo Ulaya hawana. Mstari wa ikweta hukata barabara yetu kati ya Nkubu na mji wa Meru. Aliye hapa huona nyota za kaskazini na za kusini pia. Usiku wa manane mwezi Februari, Dubu Mkubwa huwa anapanda kaskazini mashariki huku Salibu ya Kusini ikisimama upande wa pili. Mtu wa London hawezi kuiona hiyo Salibu bila kusafiri. Wewe unahitaji nauli ya matatu na mkeka.

Afya isigeuke maradhi

Dawa yoyote ina kipimo chake, na hii pia. Nyanda za chini zina mbu wa malaria, ambao huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Vaa mikono mirefu, jipake dawa ya mbu, lala ndani ya neti. Vaa viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu nyoka hutembea usiku. Timau baridi huuma, hivyo mzee na mtoto wafunikwe vyema, na mwenye pumu abebe dawa yake. Ukivutwa upande wa mlima hadi lango la Sirimon, lililo zaidi ya mita 2,600, au la Chogoria karibu mita 3,000, ukasikia kichwa kikiuma na kichefuchefu, usijikaze kiume. Shuka.

Usikodoe macho ukiwa umesimama na shingo imekunjwa nyuma, lala chali. Tochi ifunge karatasi nyekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauharibu sana uoni wa gizani. Mwombe ruhusa mwenye shamba, mjulishe mzee wa kijiji, nendeni wengi. Usitafune miraa eti upate kukesha, kwa kuwa utalipa usiku huo na unaofuata.

La mwisho ndilo kubwa. Usirudi usiku. Barabara ya Embu kwenda Meru ni ya mabonde na kona, na Daraja la Nithi limeshatuliza mara nyingi. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia hapo, likaua zaidi ya watu 30. Dereva aliyekesha akitazama nyota ni hatari kwake na kwa wenziwe. Omba mahali pa kulala, urudi asubuhi.

Msomaji, hospitali zetu zina foleni ndefu na miwani si rahisi. Lakini kutambua kwamba mtoto haoni hakugharimu chochote. Zima taa, subiri nusu saa, mwulize anahesabu ngapi. Mpwa wangu siku hizi akija na miwani yake huhesabu saba kwenye Kilimia, na mdogo wake humbishia kwamba ni sita. Ubishi huo sitauamua mimi. Nafurahi tu kwamba sasa anao wa kubishana nao, na kwamba Siakago bado kuna giza la kutosha kubishania.